Kufundisha Watoto Wadogo Kuandika Programu: Mahali Pake Ni Kwenye Kipindi cha Hadithi

Kila likizo inapokaribia, katika miji kama Dar es Salaam na Nairobi husambaa matangazo ya mafunzo ya kuandika programu za kompyuta kwa watoto, wengine wakiwa na miaka mitano tu. Shule binafsi nazo zimeanza kulitaja somo hilo kwenye vipeperushi vyao, pamoja na kuogelea na Kifaransa. Wazazi wana haki ya kuuliza. Mtoto ambaye bado anaunganisha silabi atanufaika nini kwa kujifunza kuiamuru kompyuta? Hiyo ni elimu, au ni njia nyingine ya kumkalisha mbele ya skrini? Na shule ya umma yenye darasa la awali lililofurika na mwalimu mmoja, ijihesabu imeachwa nyuma?

Jibu langu naliweka wazi mapema. Watoto wadogo wanaweza kuandika programu, na inafaa wapewe nafasi hiyo. Lakini mahali pake ni kwenye kipindi cha lugha na hadithi, mikononi mwa mwalimu yuleyule anayewafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Tukiipeleka kwenye chumba cha kompyuta na kuiita maandalizi ya ajira, tutatumia fedha nyingi na kuvuna kidogo. Historia ya jambo hili na utafiti uliofanyika vinaelekeza huko.

Kinachotokea kwenye skrini

Kwa mtu mzima, kuandika programu ni kuchapa mistari ya maneno ya Kiingereza yaliyofupishwa, ambamo alama moja ikikosekana kazi nzima inakwama. Programu za vipande zimeondoa kikwazo hicho. Amri zote zimekwisha kutengenezwa kama vipande vya rangi vyenye meno na mapengo, na mtoto huvivuta kwa kidole akavipachika kimoja baada ya kingine. Vipande visivyoweza kufuatana havishikani. Kosa la tahajia halipo tena. Linabaki kosa la kufikiri, na hilo ndilo tunalotaka mtoto akutane nalo.

Mfano mzuri kwa umri mdogo ni ScratchJr, iliyotolewa mwaka 2014 kwa ajili ya watoto wa miaka 5 hadi 7. Iliundwa na Marina Umaschi Bers, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Tufts nchini Marekani, pamoja na Mitchel Resnick wa MIT na Paula Bontá wa Playful Invention Company. Ni ya bure, hufanya kazi kwenye kishikwambi cha Android au iPad, na ikishapakuliwa haihitaji intaneti wala mtoto kujisajili popote. Vipande vyake vina picha badala ya maneno. Mshale unaotazama kulia humpeleka mhusika kulia, na tarakimu iliyo chini yake ni idadi ya hatua. Bendera ya kijani ni ishara ya kuanza. Vipande hupangwa kutoka kushoto kwenda kulia, jinsi mtoto anavyofundishwa kuifuata sentensi kitabuni.

Mtoto huchagua mhusika au humchora mwenyewe, huweka mandhari, kisha humpangia la kufanya. Jukwaa lina miraba 20 kwa upana na 15 kwa kimo, hivyo kumfikisha mhusika kwenye mti ni swali la hesabu: hatua ngapi? Mzunguko mmoja kamili umegawanywa mara 12, sawa na uso wa saa. Kuna kipande cha kusubiri, cha kurudia, cha kucheza sauti aliyoirekodi mtoto mwenyewe, na cha kumtumia mhusika mwingine bahasha ili naye aanze zamu yake. Kazi moja inaweza kufika kurasa nne.

Tuchukue hadithi ya Sungura na Fisi. Mtoto anataka Sungura afike kisimani, aseme neno lake, ndipo Fisi achomoze kichakani. Akiagiza wote wawili waanze bendera inapoguswa, wataondoka pamoja na hadithi itaharibika. Lazima agundue kwamba Fisi anatakiwa kungoja. Anaweza kumwekea kipande cha kusubiri na kubahatisha muda, au kumwagiza Sungura atume bahasha akishamaliza kusema. Njia ya pili ni imara zaidi, kwa sababu hata Sungura akiongezewa mwendo, Fisi atatokea kwa wakati wake. Kuzipatanisha kazi mbili zinazoendelea sambamba ni tatizo linalowashughulisha wahandisi wa kompyuta hadi leo. Mtoto wa miaka sita amelitatua kwa sababu alitaka wenzake waielewe hadithi yake.

ScratchJr haina amri za "ikiwa hivi, fanya vile" wala namna ya kuhifadhi alama za mchezo. Hayo yanamngoja kwenye Scratch, programu iliyoitangulia, ambayo kundi la Resnick lilitoa mwaka 2007 kwa watoto wa miaka 8 hadi 16. Scratch hutumia vipande vyenye maneno, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha ambazo mtoto anaweza kuchagua. Kwa hiyo njia ipo tangu darasa la awali hadi sekondari bila gharama ya leseni. Swali ni namna ya kuipita.

Wazo lilikotoka

Mzizi wa programu hizi unagusa Afrika. Seymour Papert alizaliwa Pretoria mwaka 1928, akasoma hisabati Johannesburg na Cambridge, na katika ujana wake alikuwa mpinzani wa ubaguzi wa rangi. Kuanzia mwaka 1958 alifanya kazi Geneva na Jean Piaget, mwanasaikolojia aliyeonyesha kwamba mtoto hujijengea maarifa mwenyewe badala ya kumiminiwa. Papert aliongeza hoja yake: mtoto hujenga maarifa vizuri zaidi anapounda kitu cha kuwaonyesha wengine, kiwe mnara wa mchanga, shairi au programu.

Mwaka 1967 yeye, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walitoa Logo, lugha ya kwanza ya kompyuta iliyobuniwa kwa ajili ya watoto. Mtoto alimwamuru kobe, kwanza roboti sakafuni na baadaye umbo kwenye skrini, aende mbele hatua kadhaa na kugeuka pembe kadhaa huku akichora. Aliyetaka kuchora mraba na kushindwa aliambiwa ajifanye kobe, atembee mraba huo kwa miguu yake, kisha aandike alichofanya. Mwili ulitangulia, kompyuta ikafuata. Mbinu hii tutairudia, kwa kuwa ndiyo iliyo rahisi kuliko zote kwa shule zetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Logo ilifika Dakar, Senegal, katika mradi wa majaribio ambao Papert alihusika nao. Baadaye yeye na Nicholas Negroponte walikuwa miongoni mwa waasisi wa mpango wa kumpa kila mtoto kompyuta ndogo ya mkononi, ujulikanao kama One Laptop per Child. Rwanda ilijiunga mwaka 2008 na kugawa zaidi ya kompyuta 200,000 shuleni. Ndani yake mlikuwamo programu za vipande, tena katika mashine imara iliyobuniwa kwa vumbi na jua.

Matokeo ya mpango huo yaliwafundisha watu unyenyekevu. Nchini Peru, iliyonunua kompyuta hizo kwa wingi kuliko nchi nyingine, utafiti uliofanywa katika shule 319 za vijijini na kutolewa mwaka 2012 haukuona tofauti katika alama za hisabati wala za lugha. Ulionekana uboreshaji kidogo katika vipimo vya jumla vya kufikiri. Vifaa vilifika, watoto wakavitumia, lakini masomo yaliendelea kufundishwa kama zamani. Kompyuta ilikaa pembeni ya somo, haikuingia ndani yake.

Ushahidi unasema nini

Wauzaji wa mafunzo hudai kwamba mtoto anayeandika programu atakuwa hodari wa hisabati, mwenye mantiki na mpangilio katika kila jambo. Dai hilo limepimwa kwa zaidi ya miaka 40, na inafaa mzazi ajue lilivyopimwa.

Mwaka 1984 Roy Pea na Midian Kurland, wakiwa Bank Street College jijini New York, waliwachunguza wanafunzi waliojifunza Logo kwa mwaka wa shule. Hawakuwaona wakipanga kazi nyingine, kama kupanga usafi wa darasa, kwa ustadi kuwazidi wenzao ambao hawakujifunza. Ujuzi ulibaki mle ulimofundishwa. Matokeo hayo yalipoza matumaini makubwa yaliyoizunguka Logo.

Uchunguzi mpya umekuwa na sura pana zaidi. Mwaka 2019 Ronny Scherer na wenzake walikusanya tafiti 105 na kuzichambua kwa pamoja. Waliona kwamba kujifunza kuandika programu kunasaidia, na athari yake ni kubwa zaidi katika ujuzi wa programu wenyewe, halafu hupungua kadiri unavyokwenda kwenye stadi za mbali. Kilicho karibu hunufaika sana, kilicho mbali hunufaika kwa kiasi tu.

Nchini Uingereza, chuo kikuu cha University College London (UCL) kiliendesha mradi wa kufundisha hisabati kwa Scratch kwa watoto wa miaka 9 hadi 11 katika zaidi ya shule 100. Tathmini huru iliyotolewa mwaka 2018 iliona watoto wamepiga hatua katika kufikiri kwa utaratibu wa kompyuta, lakini alama zao za mtihani wa taifa wa hisabati hazikupanda. Na hao walikuwa na walimu waliopewa mafunzo na vitabu vilivyoandaliwa kwa uangalifu.

Kwa watoto wa umri wa awali kuna utafiti mdogo unaostahili uzito. Mwaka 2013 Elizabeth Kazakoff, Amanda Sullivan na Bers walichapisha matokeo ya mafunzo ya wiki moja ya kuamuru roboti, yaliyotolewa kwa watoto wa chekechea huko New York. Kabla na baada ya mafunzo, watoto walipewa kadi za picha zilizochanganywa na kutakiwa kuzipanga ziwe hadithi. Waliojifunza kuamuru roboti walizipanga vizuri zaidi baada ya wiki hiyo. Kundi lilikuwa dogo, lakini kilichopimwa kina maana kubwa kwa hoja yetu: kujua kipi kinatangulia, kipi kinafuata na kwa nini.

Uwezo huo wa kupanga mfuatano ndio mwalimu wa awali anaoutafuta anapomwambia mtoto, "Nisimulie, kwanza kilitokea nini?" Ndio anaouhitaji mtoto ili aelewe anachosoma, aandike aya inayoeleweka, au ajumlishe kwa hatua. Tukizisoma tafiti zote kwa pamoja, tunaona kwamba kuandika programu hunufaisha stadi iliyo jirani nayo. Basi busara ni kuiweka shughuli hiyo jirani na stadi tunayoitaka. Kwa mtoto wa miaka mitano au sita, stadi hiyo ni kusimulia.

Uwanja wa michezo au kizimba

Bers hutofautisha aina mbili za teknolojia ya watoto kwa mfano wa uwanja wa michezo na kizimba cha mtoto mchanga. Kizimba ni salama, lakini ndani yake mtoto hana la kuamua. Uwanjani anapanda, anabuni mchezo, anagombana na kupatana, anajaribu lililomshinda jana. Wanunuzi wa programu za watoto wangefaa kuukumbuka mfano huo kuliko kitu kingine chochote.

Nyingi kati ya programu zinazojiita za kufundisha watoto kuandika programu ni vizimba. Mtoto anapewa fumbo lenye jibu moja, analifumbua, anapigiwa makofi na mashine, anafunguliwa fumbo la pili. Mazoezi ya aina hiyo yana faida yake: hufundisha maana ya kila kipande haraka. Lakini mtoto aliyefumbua mafumbo yote hajatunga chochote. Ni sawa na kumfundisha mtoto imla mwaka mzima bila kumwachia aandike barua yake mwenyewe.

Hapa ndipo suala la muda wa skrini linapopata jibu lake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka watoto wa miaka 2 hadi 4 wasikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na muda ukiwa mfupi zaidi ni bora. Nakubaliana nao kabisa, na sioni sababu ya kuanza ScratchJr kabla ya miaka mitano. Kwa mtoto aliyefika umri huo, nusu saa mara mbili kwa wiki inatosha. Muda unaobaki ni wa kuchora hadithi kwenye karatasi, kuigiza, kubishana na mwenzake na kusimulia mbele ya darasa. Kipindi kizuri cha programu kina kelele za watoto. Darasa lililo kimya, kila mtoto ameinamia kishikwambi chake, limekosea njia.

Mwalimu hana mbadala

Mtu anaweza kupinga: mbona Tanga watoto walijifunza kwa vishikwambi bila mwalimu? Hoja hiyo ina nguvu. Kati ya mwaka 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE liligawa vishikwambi kwa karibu watoto 3,000 katika takriban vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, vikichajiwa kwa umeme wa jua na vikiwa na programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu. Kwa takwimu za waandaaji, asilimia 74 ya watoto hao walikuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya timu mbili, onebillion na Kitkit School.

Ni mafanikio ya kweli, na yalitokana na mambo mawili: lugha ya mtoto, na aina ya kazi. Kutambua herufi au kujumlisha mbili na tatu kuna jibu sahihi ambalo mashine inaweza kulithibitisha papo hapo. Hadithi ya Sungura na Fisi haina jibu sahihi. Kishikwambi hakiwezi kumuuliza mtoto kwa nini Fisi ameondoka kabla ya kusikia, wala kumwambia kwamba mwisho wa hadithi yake umewachekesha wenzake. Kazi ya kubuni inahitaji msikilizaji, na katika darasa la awali msikilizaji wa kwanza ni mwalimu.

Uingereza ililitambua hilo baada ya kutunga sheria. Tangu Septemba 2014, mtaala wa England unataka watoto waanze kujifunza kuandika na kurekebisha programu nyepesi wakiwa na miaka mitano. Miaka mitatu baadaye, Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba ufundishaji ulikuwa haulingani kati ya shule na shule na misingi yake ilikuwa dhaifu, sababu kubwa ikiwa walimu waliotakiwa kufundisha jambo ambalo wao hawakuwahi kufundishwa. Serikali ililazimika kutenga pauni milioni 84 kuimarisha ufundishaji huo, sehemu kubwa ikienda kwa walimu. Nchi yenye fedha ilianza na mtaala, ikamkumbuka mwalimu baadaye.

Sisi tuko mahali ambapo bado tunaweza kuchagua mpangilio. Kenya ilianza kugawa vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza mwaka 2016 chini ya mpango wa elimu ya kidijitali, na ujuzi wa kidijitali ni mojawapo ya umilisi saba wa msingi katika mtaala wake wa umilisi, CBC. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, iliidhinisha mafunzo ya kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari. Tanzania ilianza kutekeleza mitaala iliyoboreshwa Januari 2024, na vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 vilipelekwa kwa walimu baada ya kazi hiyo. Vifaa hivyo viko mikononi mwa watu tunaowahitaji. Mwalimu akionyeshwa jinsi ya kutengeneza hadithi moja ya kurasa nne, akaitengeneza mwenyewe na akawashirikisha wenzake, ameanza.

Lugha ya mtoto

Mjadala wa teknolojia shuleni hudhani kwamba lazima mtoto ajue Kiingereza kwanza. Kwa programu zisizo na maneno, dhana hiyo imepitwa. Mtoto wa Kigoma, Lamu au Bukavu anaelewa mshale, bendera na bahasha bila tafsiri. Na kwa kuwa anaweza kurekodi sauti yake, Fisi atasema Kiswahili, au Kiha, au Kimakonde, kwa lafudhi ya nyumbani kwao.

Hili linafungua mlango mpana kuliko watu wanavyodhani. Watoto wetu wanaanza shule wakiwa na utajiri wa masimulizi: vitendawili, nyimbo za michezo, hadithi za bibi zinazoanza kwa "Paukwa" na kujibiwa "Pakawa". Wimbo wenye kiitikio unamweleza mtoto maana ya kurudia kuliko somo lolote. Kitendawili kinachongoja "tega" kabla ya kutolewa ni mhusika anayesubiri ujumbe. Mwalimu hahitaji kuagiza mifano kutoka nje, kwa kuwa anayo kichwani, na wanafunzi wanayo midomoni.

Mtoto asiyeweza bado kuandika sentensi kwa penseli anaweza kutunga hadithi yenye mwanzo, kisa na mwisho, akaionyesha na kuitetea. Halafu mwalimu anamwandikia jina la hadithi ubaoni, mtoto analinakili na kulisoma. Programu imegeuka daraja la kuingilia kwenye maandishi, na stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu (KKK) hazikupokonywa hata dakika moja.

Darasa la watoto wengi na vishikwambi vichache

Kikwazo kinachotajwa kwanza ni vifaa. Ni cha kweli, lakini hakizuii kuanza. Hatua ya kwanza haina gharama. Mwalimu anachora miraba kwenye mchanga wa uwanja, mtoto mmoja anakuwa roboti, wenzake wanampangia kadi zenye mishale ili afike kwenye jiwe bila kukanyaga "mto". Roboti hatakiwi kutumia akili: anafanya kadi inavyosema. Akitumbukia mtoni, watoto hurudi kwenye kadi kutafuta iliyokosewa. Hiyo ndiyo mbinu ya kobe wa Papert, na ndiyo msingi wa mafunzo ya kompyuta bila kompyuta ambayo Tim Bell na wenzake wa New Zealand wameyaeneza duniani tangu miaka ya 1990. Kadi zinakatwa kwenye maboksi ya bidhaa.

Hatua ya pili ni kupanga hadithi kwa picha nne, ama kwenye karatasi ama ubaoni. Hatua ya tatu tu ndiyo inayohitaji kishikwambi, na hapo kona za ujifunzaji, ambazo walimu wa awali wa Tanzania wanazifahamu, zinafaa sana. Vishikwambi vitatu vinakuwa kona moja kati ya nyingine za vitabu, uchoraji, hesabu na maigizo, na makundi yanazunguka. Watoto wawili wakishika kishikwambi kimoja si upungufu, kwa kuwa wanalazimika kuzungumza na kukubaliana. Ila mwalimu awe macho: mmoja asigeuke dereva wa kudumu, na wasichana wasiachwe kuwa watazamaji. Kubadilishana kila baada ya kipande kadhaa kuwe kanuni ya darasa.

Kuna gharama nyingine zisizotajwa kwenye hotuba za uzinduzi: kuchaji, kufunga vifaa salama usiku, skrini zinazopasuka, na muda wa mwalimu kujiandaa. Mradi usiozipangia fedha gharama hizo tangu mwanzo utaishia kabatini.

Hoja ya ajira

"Samaki mkunje angali mbichi," husema wanaotaka mtoto aanze mapema ili apate kazi ya kompyuta. Tusidanganyane. Mtoto wa miaka sita atafika kwenye soko la ajira baada ya miaka 15 au zaidi, na hakuna anayejua lugha za programu zitakazotumika wakati huo. Tayari akili mnemba inaandika mistari mingi ya programu ambayo zamani iliandikwa na vijana wanaoanza kazi. Isitoshe, David Weintrop na Uri Wilensky walipowalinganisha wanafunzi wa sekondari wa Marekani walioanza kwa vipande na walioanza kwa maandishi, walioanza kwa vipande walitangulia mwanzoni, lakini baada ya wiki kumi za kujifunza lugha ya Java, tofauti ilikuwa imetoweka. Kutangulia mwanzoni hakumhakikishii mtu nafasi ya mbele.

Hoja ya kusimulia haitikiswi na mabadiliko hayo. Hata mashine ikiandika amri zote, lazima awepo mtu anayejua anachotaka, anayeweza kukieleza kwa mpangilio, kutambua matokeo yasipokuwa sawa na kutafuta palipokosewa. Mtoto aliyekwisha kumtoa Fisi kichakani kwa wakati wake ameanza kuyajua hayo. Vilevile ameonja jambo ambalo watoto wengi wa nchi zetu hawajalionja: kuona kwamba kompyuta ni kitu cha kutengenezea, wala haikuletwa ili yeye atazame tu vilivyotengenezwa na wengine.

Hukumu na ombi

Kwa hiyo, je, tuwafundishe watoto wadogo kuandika programu? Ndiyo, kwa masharti manne. Waanze na uwanja na karatasi kabla ya skrini. Programu iwe ya kubuni, isiwe ya mafumbo peke yake. Kazi ifanyike ndani ya kipindi cha lugha, kwa lugha ya mtoto. Na mwalimu apate mafunzo kabla ya shule kupata vifaa.

Kwa wakuza mitaala, ombi langu ni kwamba msiongeze somo jipya kwa madarasa ya chini. Ongezeni shughuli moja katika somo lililopo, na muipime kwa hadithi ambayo kila mtoto ameitunga na kuisimulia mwishoni mwa muhula. Idadi ya vishikwambi vilivyogawiwa isiwe kipimo cha mafanikio. Vyuo vya ualimu viwape wanafunzi wao wa elimu ya awali nafasi ya kutunga hadithi kama hiyo kabla hawajahitimu.

Kwa mzazi anayefikiria kulipia mafunzo ya likizo, omba uonyeshwe kazi za watoto waliotangulia. Zikifanana zote, tafuta kwingine. Zikiwa kila moja na wahusika wake, makosa yake na sauti ya mtoto aliyeitunga, mpeleke mwanao. Na kama huna fedha za kulipa, pakua ScratchJr kwenye kishikwambi ulichonacho, keti naye jioni moja, na umwombe akusimulie hadithi.

Mwalimu wa darasa la awali mwenye kadi za boksi, vishikwambi vitatu na hadithi moja anayoipenda ana kila anachohitaji kuanza muhula ujao.